Mawe ya Sikio la Changu

Mwalimu wetu hakuwa mwalimu. Cheo chake kilikuwa fundi mkuu wa maabara, katika kituo kidogo cha utafiti wa bahari upande wa Mtongwe, na sidhani kama aliwahi kushika chaki. Jina hilo alipewa na waliopita mikononi mwake kabla yangu, na walimpa kwa woga. Mimi nilikaa naye miaka sita. Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake gani, kwa sababu sijui, na kila aliyejaribu kumuuliza aliambiwa arudi kwenye sahani yake akahesabu.

Kuhesabu ndiyo iliyokuwa kazi. Boti ilitoka mara mbili kwa mwezi, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na wakati wa maji mafu, ikivuta wavu wenye matundu madogo kuliko ya chandarua. Kilichonaswa kilitiwa chupani pamoja na formalini kisioze, kikaletwa maabara, kikamiminwa kidogo kidogo kwenye sahani ya kioo. Sisi tukainamia hadubini tukitenganisha: mayai ya samaki huku, viluwiluwi vya samaki kule, na uchafu mwingine wote wa bahari pembeni. Kiluwiluwi cha samaki hakina uzuri wowote. Ni kipande cha uzi chenye macho, na macho ndiyo yanayoonekana kwanza, mawili meusi. Kwa hiyo Mwalimu hakusema tunahesabu samaki. Alisema tunahesabu macho.

Somo lake la kwanza kwa kila mgeni lilikuwa lile lile. "Changu hutaga mayai maelfu, akenda zake. Mkondo ukiyachukua kilindini, yamekufa njaa. Mvua ikishuka mto ukatapika matope, yamekufa. Maji yakibadilika moto wake kwa siku mbili tatu, yamekufa. Anapona mmoja. Na huyo mmoja hakuwa hodari, alikuwa mahali pazuri tu." Halafu alituangalia mmoja mmoja juu ya miwani. "Na nyinyi mnadhani mliajiriwa kwa akili zenu."

Wengine walicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hakuna aliyecheka.

Saa saba mchana alikuwa akila mayai ya samaki. Mama mmoja muuza samaki pale Mtongwe alimkaangia kila siku, mafungu mawili manene yenye ndimu na pilipili, yamefungwa ndani ya gazeti. Aliyala kwenye meza ile ile tuliyotoka kuhesabia, akitafuna kwa sauti, nasi tukiangalia. Kijana mmoja wa mafunzo alimuuliza kama haoni vibaya. Akamwambia, "Hawa walikuwa wanakufa hata hivyo. Angalau wamekutana na ndimu." Kijana yule hakumaliza mafunzo yake, ingawa sidhani kama ni kwa sababu ya mayai.

Mtu huyu aliyejua bahari kuliko wote niliowahi kukutana nao, aliiogopa bahari kama paka. Alikaa Mishomoroni, kwa hiyo kila siku ya kazi ilimbidi avuke feri ya Likoni, asubuhi na jioni, na nilivuka naye mara nyingi. Alisimama katikati kabisa, mbali na kingo zote mbili, macho ameyafumba, mkono mmoja umeshika begi na mwingine umenishika mimi bila ruhusa, huku akiimba tenzi za kanisani kwa sauti ya chini. Feri ikigusa ng'ambo, aliuachia mkono wangu kana kwamba mimi ndiye niliyemshika. Kwenye boti ya kituo alipanda mara moja tu, miaka mingi kabla yangu, akatapika tangu kutoka hadi kurudi. Baada ya hapo bahari aliijua kwa chupa.

Na aliijua kweli, hilo siwezi kumnyima. Aliinua chupa dirishani, akaizungusha, akaitazama ilivyotua. "Hii mlivuta maji yakitoka. Nani aliwaambia mvute maji yakitoka?" Bakari, nahodha wetu, Mdigo wa pale pale Mtongwe aliyezaliwa na kukulia majini, alinyoosha mikono. "Wallahi, Mwalimu, injini ilituzimia. Tulichelewa." Bakari alikuwa hajamwambia mtu. Mwalimu aliiona injini iliyozima ndani ya chupa ya takataka, kwa sababu maji yanayotoka hubeba wanyama wa mikokoni, na yanayoingia hubeba wa mwambani.

Ni yeye aliyenifundisha kwamba yai la samaki halina miguu wala nia. Liko pale maji yalipolipeleka. Wakati wa kusi, mkondo mkubwa hukaza mwendo kwenda kaskazini na mayai yaliyotagwa kwetu huishia pwani za watu wengine. Wakati wa kaskazi mkondo hulegea, maji huwa moto na matulivu, na mayai mengi hubaki karibu. Alilieleza jambo hili vizuri mno, kwa mikono, bila tusi hata moja. Katika dakika hizo nilimpenda. Dakika zenyewe hazikuwa nyingi.

Jumapili alikuwa mtu mwingine, au ndivyo walivyosema wa kanisani kwake. Alikuwa akiombea wagonjwa, akiwapikia wafiwa, na machozi yalimtoka upesi wakati wa nyimbo. Nilikwenda siku moja kushuhudia kwa macho yangu, na kweli alilia. Alipoipangusa miwani akaniona nimeketi nyuma, kilio kilikatika pale pale. Jumatatu aliniambia viatu nilivyovaa kanisani vilikuwa vya kwendea sokoni.

Sasa nifike kwa Bakari na nyasi.

Kwenye mlango wa mkono wa bahari, upande wetu, kuna uwanda wa nyasi za bahari ambako changu wadogo hukulia. Ndugu zake Bakari walikuwa wakivua pale kwa juya, ule wavu mrefu wa kukokota unaofagia kila kitu. Kituo kilitaka kujua changu wale wanazaliwa wapi. Kama ni watoto wa mwamba wetu wenyewe, basi uwanda ukifungwa faida itarudi Mtongwe. Kama wameletwa na mkondo kutoka mbali, kuufunga ni kuwatesa watu bure. Lakini ili kulijua hilo, juya lilipaswa kukaa nje ya nyasi kwa kaskazi mbili, changu wadogo wasifagiliwe kabla hatujawapima.

Wavuvi walikataa. Ni Bakari aliyewageuza. Alisimama kwenye banda la wavuvi akawaambia ndugu zake, watoto wa baba mmoja, kwamba amefanya kazi na watu hawa, hawana uongo, na jibu litakuja. "Kama halikuja, mnile mimi," alisema. Wakacheka, wakakubali. Nilikuwepo.

Jibu lilikuwa ndani ya vichwa. Kila samaki ana mawe mawili ya sikio. Anayekula kichwa cha changu anayajua, huyatema kando ya sahani. Kiluwiluwi naye anayo, madogo kuliko chembe ya vumbi, na kila siku inayopita kijiwe huongeza duara moja. Ukihesabu maduara umejua ana siku ngapi. Ukijua ana siku ngapi, na ukiujua mwendo wa mkondo, umejua ametoka wapi. Katika kituo kizima ni Mwalimu peke yake aliyeweza kuyasoma.

Adui wa mawe hayo ni formalini iliyochacha. Formalini ikikaa huwa kali, na ukali huo huyayeyusha mawe polepole, ukamwacha samaki mzima kwa nje na mtupu kichwani. Ndiyo maana hutiwa boraksi, kuua ukali. Wenzetu wa vituo vingine hutumia spiriti kwa kazi ya mawe. Mwalimu aliikataa, akasema spiriti huwakunja viluwiluwi, na formalini yake haijawahi kumwaibisha. Alikuwa akiikoroga mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa dumu lile, isipokuwa mimi kuchota ya kwenda nayo baharini, na kuandika lebo kwa penseli: siku, mahali, na herufi za jina langu.

Katikati ya kaskazi ya kwanza walikuja wageni kutoka ofisi kubwa. Mwalimu aliwaonyesha sahani na kutangaza: changu arobaini na mmoja. Mimi nilikuwa nimeitazama sahani ile tangu asubuhi.

"Mwalimu," nilisema, "hawa wawili naona si changu. Wana miiba mirefu mgongoni. Naona ni chewa."

Alinigeukia polepole. "Kadzo, kwenu Kaloleni mmezoea kuhesabu nazi. Nazi ina macho makubwa, hata kipofu huyapata kwa kidole." Wageni wakacheka, wale watu wazima waliovaa tai. "Haya, hesabu sahani hii mpaka niseme basi."

Nikahesabu nimesimama, kwa sababu kiti alikichukua. Nilimaliza nikaanza tena. Wageni wakanywa chai wakaondoka. Chakula cha mchana kikapita, na harufu ya mayai yake ya kukaanga ikanijia puani. Bakari alikuja kuchukua chupa tupu, akaniona, akasita mlangoni.

"Mwalimu, mpumzishe huyu dada. Anatetemeka."

"Wewe endesha boti."

Ofisi ilipofungwa alikuja akazima taa ya hadubini. "Kuanzia leo," aliniambia, "usiniambie kitu mpaka nikuulize."

"Ndiyo, Mwalimu."

Wiki iliyofuata nililifungua daftari la hesabu. Changu thelathini na tisa, chewa wawili, kwa mwandiko wake mwenyewe, penseli ya zamani imefutwa chini yake. Hakusema neno. Hasira niliyopata siku ile ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya kusimama.

Kaskazi ya pili ilipokuwa inaanza, boraksi iliisha. Ilikuwa imeagizwa na mzigo haukuja. Nilimwona Mwalimu akikwangua mkebe kwa kijiko, akatia kile kidogo kilichotoka ndani ya dumu jipya, akalitikisa. "Itatosha," alijisemea. Halafu akafanya jambo baya zaidi: zile chupa za kaskazi ya kwanza, zilizokuwa zimepungua kwa joto la stoo, akazijaza kwa formalini hiyo hiyo, moja baada ya nyingine, kwa mkono wake.

Mezani kwangu kulikuwa na karatasi za kupimia ukali. Baada ya wiki chache nilipochota ya kwenda nayo baharini, nilichovya moja. Ikageuka nyekundu, rangi ya ukali, papo hapo. Mwalimu alikuwa hatua tatu kutoka nilipo, ameinamia sahani, anasaga meno kama kawaida yake. Nilikuwa na karatasi mkononi. Neno moja lingetosha. Zile za kaskazi ya kwanza pengine zingeokolewa, na maji ya dumu yangemwagwa.

Niliikunja karatasi nikaitia ndani ya debe la taka, na nikasikia utamu. Sitaki kulipamba jambo hili. Ulikuwa utamu wa kweli, uliokaa kifuani wiki nzima. Nilijiambia natii amri. Bamvua baada ya bamvua nilikwenda baharini na Bakari, nikaimimina formalini ile chachu juu ya viluwiluwi hai, nikaandika herufi zangu kwenye lebo, naye Bakari akinisimulia namna ndugu zake wanavyomuuliza kila jioni kama jibu limekaribia. Sikumuwaza. Nilikuwa nimeketi naye goti kwa goti na sikumuwaza. Niliuwaza uso wa Mwalimu siku atakapokifungua kichwa cha kwanza.

Siku hiyo ilifika. Alitanguliza sala, kama alivyofanya kila alipoanza kazi kubwa, akachukua sindano mbili nyembamba, akamfungua changu wa kwanza. Akatazama sana. Akachukua wa pili. Akachukua wa chupa nyingine. Mpaka mchana alikuwa amefungua chupa za kaskazi zote mbili, na gazeti la mayai yake lilikaa pale halijafunguliwa. Nilikuwa nimengoja apige kelele. Hakupiga. Alizivua glavu, akazikunja, akaniangalia, na mimi nikainamia sahani yangu.

Mkuu wa kituo aliita kikao. Aliuliza ni nani aliyehifadhi sampuli.

"Angalieni lebo," alisema Mwalimu.

Lebo zote zilikuwa na herufi zangu. Ningeweza kusema dumu ni lake, lakini wangeniuliza nimejuaje kwamba kosa lilikuwa ndani ya dumu, na nimelijua tangu lini. Nikanyamaza. Mkataba wangu haukuendelezwa. Aliniaga kwa kunipa mkono, mkavu kabisa, akaniambia nisome zaidi.

Kwenye banda la wavuvi ofisa mmoja alieleza kwamba kwa bahati mbaya jibu halikupatikana. Ndugu mkubwa wa Bakari alisimama. "Kaskazi mbili tumekula sima na mchicha kwa ajili ya macho yenu. Leo mnatwambia macho hayana kitu?" Hakumwangalia ofisa alipokuwa akisema. Alimwangalia Bakari. Wiki ile ile juya likarudi kwenye nyasi, na safari hii likaja pamoja na majuya ya watu wa mbali waliosikia kwamba samaki wamepumzishwa. Kwa siku chache walijaza ndoo kwa ndoo. Sasa ukienda pale maji yakitoka utaona matope, na nyasi chache chache.

Bakari alitolewa kwenye chombo cha ndugu zake, alichokuwa akivulia siku zisizo za kituo. Hawakumpiga wala kumtukana. Waliacha tu kumwita. Alipokaribia sinia walikuwa wameshakula. Hata kituo hakikumchukua tena, maana utafiti ulikuwa umekwisha. Siku hizi ni bawabu wa ghala moja Changamwe, anaandika namba za malori yanayoingia na kutoka. Nilimwona mara moja getini, amevaa sweta la kazi kwenye joto lile, amenona uso kwa kukaa. Aliniuliza hali ya mama yangu. Hakuuliza kitu kingine, na mimi nilikuwa na haraka.

Mwaka huu nilisikia Mwalimu amestaafu na amepatwa na kiharusi. Mimi sasa nauza dawa katika duka moja la Timbwani, na mteja wa kanisani kwake ndiye aliyeniletea habari. Alisema Mwalimu ananiulizia. Nilikaa mwezi mzima kabla ya kwenda. Nisiwe mnafiki: nilikwenda Mishomoroni kumtazama alivyo.

Binti yake alinifungulia. Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha plastiki sebuleni, amefunikwa kanga miguuni, mdomo umevutwa upande mmoja. Ulimi ule uliotuchana miaka yote ulikuwa unaburura neno moja moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Keti."

Nikaketi. Binti akaleta chai akatuacha. Mwalimu hakuniuliza habari za safari.

"Mkebe ulikuwa mtupu," alisema. Alipumua. "Mimi ndiye nilokoroga. Nikasema lebo ni yako. Ilikuwa yako. Lakini mimi ndiye nilokoroga."

Nilingoja neno la samahani. Halikuja, na nadhani halikuwamo kinywani mwake hata kabla ya kiharusi.

"Bakari nimemwita mara tatu," aliendelea. "Ajibu yuko zamu." Jicho lake zima lilikuwa limejaa maji, lile jingine kavu. "Yule mtu aliniamini. Wale watu walilala njaa kwa maneno yake, na maneno yake yalikuwa yangu. Kila nikifumba macho namuona kasimama pale bandani."

Nilikunywa chai.

"Mezani kwako kulikuwa na karatasi za kupimia." Aliinama mbele, kwa shida, mpaka nikaiona ile nguvu ya zamani ikitafuta njia usoni. "Kadzo. Ulipima? Ulijua?"

Nilielewa anachoomba. Kama ningesema nilipima, mzigo ule ungepata mtu wa pili wa kuubeba. Angenichukia, na chuki ile ingemponya kuliko dawa zote za dukani kwangu. Angekuwa na mtu wa kumtukana mpaka siku ya kufa kwake. Pengine hata Bakari angesikia ukweli mzima, akajua ni watu wawili waliomla, si mmoja. Nilimwona amesimama mlangoni mwa maabara, akiomba nipumzishwe. Nilimwona vizuri kabisa.

"Sikupima, Mwalimu. Sikujua."

Alirudi nyuma kitini.

"Basi ni mimi peke yangu."

"Ndiyo, Mwalimu," nilimwambia. "Ni wewe peke yako."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, halafu akamwita binti yake aje kuniongezea chai.